Jinsi ya kuendesha huduma ya kuchoma miili ya mbwa na paka Uganda

Mwenye mbwa akishakabidhiwa majivu, hana namna ya kuhakikisha ni ya mbwa wake. Moto wa nyuzi 850 hauachi vinasaba vya kupima. Kinachobaki ni madini ya mifupa, na ya mbwa wa Muyenga hayatofautiani na ya mbwa wa Ntinda. Anakuamini tu. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya tanuri, amua utazuiaje miili na majivu yasichanganyike hata siku ambayo wafanyakazi wamechoka, umeme umekatika na friza imejaa. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo.

Nani atakuletea kazi

Kampala na Wakiso watu wengi wanaishi nyumba za kupanga. Hata mwenye kiwanja chake cha futi 50 kwa 100 ameshakijaza nyumba, tangi na vyumba vya wapangaji. Shimo la mita moja na nusu la kumzika mbwa wa kilo 40 halipatikani kirahisi, na mabondeni kama Bwaise na Kalerwe utakutana na maji kabla hujafika huko.

Wateja wa kudumu, hata hivyo, ni kliniki za wanyama. Mnyama aliyepumzishwa kwa sindano ya pentobabitali hubaki na sumu hiyo mwilini kwa muda mrefu. Mzoga wake ukitupwa dampo, mbwa wa mtaani na kongoti, wale ndege ambao Kampala huwaita kalooli, hula na kufa. Moto huivunja dawa hiyo. Mweleze daktari jambo hili kwanza, kabla ya kuzungumzia vyombo vizuri vya majivu, kwa sababu ndilo tatizo analolala nalo: friza yake ndogo imejaa na hana pa kupeleka.

Karatasi na majirani

Sajili biashara URSB, ofisi ya usajili, chukua namba ya mlipakodi URA, mamlaka ya mapato, kisha leseni ya biashara kwa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, au halmashauri ya mji uliko, iwe Kira, Nansana au Entebbe. Hayo ni ya kawaida. Kazi ngumu ni NEMA, mamlaka ya mazingira. Chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019, mradi wa aina hii hupimwa athari zake kwa mazingira, na kuchoma taka kuna leseni zake. Nenda na ramani ya eneo, mchoro wa tanuri na maelezo ya moshi kabla ya kumwaga zege. Ukijenga kwanza ukaomba baadaye, unaweza kuambiwa uhamishe kitu cha tani kadhaa.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, asikupite. Kuchoma maiti si desturi ya wengi Uganda, ukiacha jamii ya Wahindu wenye mahali pao Lugogo, na uvumi kwamba "kuna watu wanachoma maiti huku" unaweza kufunga biashara kwa wiki moja. Itisha kikao, eleza ni wanyama gani unapokea na gani hupokei, taja saa za kuwasha, na acha namba ya simu ya kupiga moshi ukionekana.

Chagua eneo la viwanda au shamba lenye nafasi, na uepuke bonde. Kampala ni vilima, na alfajiri hewa baridi hutuama mabondeni na kuushikilia moshi. Hata ukiwa mlimani, usiwashe kabla ya saa tatu asubuhi. Dohani ipite kichwa cha paa la karibu kwa angalau mita 3.

Tanuri lenyewe

Tanuri la kazi hii lina vyumba viwili. Cha kwanza hupokea mwili. Cha pili hupokea moshi wa cha kwanza na kuuchoma tena kabla haujafika kwenye dohani. Kipimo kinachotumika Ulaya kwa mabaki ya wanyama ni moshi kukaa kwenye joto la nyuzi 850 kwa sekunde 2. Mwombe muuzaji akuonyeshe hesabu ya hizo sekunde kwa ukubwa wa chumba cha pili. Asiyeweza kukuonyesha anakuuzia jiko la taka. Pipa lililochongwa mlango, hata likivikwa matofali, halifai. Litatoa moshi mweusi na harufu, na mifupa haitaiva.

Hakikisha kuna vitu hivi: kipimajoto aina ya K, kile cha waya kinachovumilia moto mkali, katika kila chumba, na kimoja cha akiba dukani kwako, kichomeo na feni kwa kila chumba, sakafu laini isiyo na nyufa, na paneli inayoonyesha joto la vyumba vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kuna kosa ambalo mafundi wengi kutoka nje hawalioni. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko Mombasa. Kichomeo kilichosetiwa kiwandani kwa usawa wa bahari kikiletwa hapa hupata mafuta yaleyale na oksijeni pungufu, kwa hiyo hutoa masizi. Fundi afungue zaidi mlango wa hewa au aweke nozeli (tundu la kunyunyizia mafuta) ndogo zaidi, kisha apime moshi kwa kifaa, asikisie kwa macho. Kabale, iliyo juu zaidi, marekebisho huwa makubwa zaidi.

Dizeli ndiyo mafuta rahisi kupata, lakini maji ndani yake huziba nozeli na kuzima moto katikati ya kazi. Weka tangi juu ya stendi, lenye koki ya kutoa maji chini kabisa, na uifungue kila asubuhi mpaka itoke dizeli safi. Badilisha chujio kwa ratiba, usisubiri lizibe.

Umeme ukikatika mwili ukiwa ndani, feni husimama, moto hukosa hewa na moshi mzito hutoka. Usifungue mlango: hewa ikiingia ghafla, mafuta ya mwili hulipuka kwa mwali unaokuja usoni. Washa jenereta, subiri feni zisafishe chumba, kisha uwashe tena vichomeo, cha chumba cha pili kikianza. Jenereta iwe imeunganishwa tayari, na ijaribiwe kila wiki.

Tanuri jipya halipandishwi moto siku ya kwanza. Matofali na zege la kuhimili moto vina maji ndani, na maji yakigeuka mvuke haraka hupasua ukuta. Fuata jedwali la mtengenezaji. Kwa kawaida joto hushikiliwa kwenye nyuzi 110 au 120 kwa saa nyingi, kisha hupanda nyuzi 25 hadi 30 kwa saa, na kutulia tena kwenye nyuzi 350 na 600. Fanya vivyo hivyo, kwa muda mfupi zaidi, kama tanuri limekaa baridi wiki kadhaa wakati wa masika.

Simu ya kwanza

Anayepiga simu mara nyingi analia, au ana aibu ya kulia kwa ajili ya mbwa. Sema: "Pole sana, nnyabo (yaani mama, kwa Kiganda). Anaitwa nani?" Uliza jina la mnyama kabla ya uzito. Usiseme "ni mbwa tu" wala "utapata mwingine". Kisha uliza polepole: uzito wake kwa kukadiria, amekufa saa ngapi, yuko wapi sasa, kama alipewa sindano na daktari, na swali ambalo halirukwi kamwe: je, amemng'ata mtu yeyote katika siku 10 zilizopita, au alikuwa na tabia zisizo za kawaida?

Jibu likiwa ndiyo, usichome. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Uganda. Mwili ukishateketea, aliyeng'atwa amepoteza nafasi ya kujua kwa hakika. Piga simu kwa ofisa wa mifugo wa wilaya. Yeye ndiye atakayesimamia kichwa kipelekwe maabara, kikiwa kwenye barafu na si kwenye fomalini. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri majibu. Wafanyakazi wako wote wawe wamechanjwa kabla ya kugusa mzoga wa kwanza. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7.

Kuna miili mingine ya kukataa. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla akitokwa na damu isiyoganda puani anaweza kuwa na kimeta. Haguswi, hapasuliwi, hasafirishwi. Wanyamapori, pamoja na kasuku wa kijivu, hawapokelewi bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA.

Kama mteja hawezi kufikiwa mara moja kwa sababu ya jamu ya Barabara ya Entebbe, mwelekeze: amlaze mnyama upande, amkunje miguu kama aliyelala kabla mwili haujakakamaa, aweke taulo chini ya mkia na chini ya mdomo, amfunike, na ampeleke kwenye sakafu ya saruji kivulini. Kwa joto la Kampala, tumbo huanza kuvimba ndani ya saa chache. Chupa za maji yaliyoganda, zikifungwa kitambaa na kuwekwa juu ya tumbo, husaidia.

Kuchukua mwili

Nenda na gari lililofungwa, trei isiyovuja, machela na shuka safi. Mbwa anayezidi kilo 25 abebwe na watu wawili. Bodaboda haifai hata kwa paka, labda awe ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kamba. Usiburute, usirushe, usifunge mlango wa gari kwa kishindo mbele ya watoto.

Lebo huanza palepale, mbele ya mwenye mnyama. Tumia vidude vya duara vya chuma cha pua vilivyochongwa namba. Usitumie aluminiamu kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na shaba nyeupe nayo hulegea karibu na joto la kazi. Kidude kimoja hufungwa kwa waya kwenye mguu wa mbele na kitaingia motoni pamoja na mwili. Namba hiyohiyo huandikwa kwenye fomu, kwenye mfuko na kwenye risiti ambayo mteja anabaki nayo. Mwambie: "Namba hii utaikuta ndani ya majivu." Piga picha ya mwili na lebo pamoja, na muda uonekane.

Fomu iwe na jina la mnyama, aina, rangi, uzito uliopimwa, sababu ya kifo, jibu la swali la kung'ata, aina ya huduma na sahihi. Mteja akisaini, soma kwa sauti huduma aliyochagua, kwa maana huku ndiko ugomvi mwingi unakoanzia.

Huduma ziko tatu. Ya peke yake: mwili mmoja tu ndani ya chumba. Ya kutenganishwa: miili miwili au mitatu yenye matofali katikati, na hapa kuchanganyika kidogo hakuzuiliki kwa sababu feni hupeperusha majivu. Ya pamoja: miili mingi, majivu hayarudishwi. Kuiita ya pili kwa jina la ya kwanza ni wizi, hata kama mteja hatajua kamwe. Na hata katika ya peke yake, chembe kidogo hubaki kwenye viungio vya matofali. Mwambie mteja hivyo kabla hajauliza.

Friza na maandalizi

Kwa siku moja au mbili, nyuzi 4 zinatosha. Zaidi ya hapo, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Lakini mwili ulioganda kama jiwe hula dizeli nyingi zaidi na huchelewesha kazi, kwa hiyo uhamishie kwenye baridi ya kawaida siku moja kabla. Panga miili kwenye trei, kila mmoja kwenye mfuko wake, lebo ikitazama juu.

Kabla ya kuchoma, toa kola, kengele, nguo na vitu vya kuchezea. Plastiki ya PVC ndiyo mbaya zaidi. Hutoa asidi inayokula chuma cha dohani na moshi wenye sumu. Mifuko iwe ya polithini. Mteja akitaka blanketi liende na mnyama, kubali pamba tupu, ndogo. Nyayo za kumbukumbu na kishungi cha manyoya huchukuliwa sasa, maana baadaye haviwezekani. Osha unyayo, kausha, nyoa manyoya ya katikati ya vidole, kisha bonyeza kwenye udongo laini mara moja bila kutikisa.

Kuchoma

Washa chumba cha pili kwanza na usubiri kifike nyuzi 850. Wengi hukosea hapa, wakipakia kwenye nyuzi 500 ili kuokoa dizeli, na ndiyo asili ya moshi mwingi majirani wanaoulalamikia. Chumba cha kwanza, kinyume chake, kisiwe moto sana wakati wa kupakia. Kikizidi nyuzi 500 hivi, manyoya hushika moto kabla mlango haujafungwa.

Soma namba kwenye mwili, kwenye mfuko na kwenye fomu. Mtu wa pili azisome tena. Wote wawili wasaini. Pakia, funga, kisha washa kichomeo cha kwanza na upandishe hadi kati ya nyuzi 760 na 870.

Mnyama mnene achomwe wa kwanza asubuhi, tanuri likiwa bado la vuguvugu. Mafuta yake yakiyeyuka yote kwa pamoja kwenye chumba chenye moto mkali, joto hupaa lenyewe na chumba cha pili hushindwa. Hilo likitokea, zima kichomeo cha kwanza, acha hewa ya chumba cha pili wazi, na usubiri. Moshi mweusi maana yake oksijeni haitoshi au umepakia kupita kiasi. Moshi mweupe wenye harufu maana yake chumba cha pili kimepoa.

Paka huchukua kati ya nusu saa na saa moja, mbwa wa kilo 20 saa moja na nusu hivi, na mbwa mkubwa saa mbili au tatu. Kwa watoto wa mbwa, sungura na ndege, tumia trei ya chuma cha pua yenye kingo na upunguze feni, la sivyo majivu yote yatapanda dohani. Mifupa yao ni midogo, kwa hiyo mweleze mteja mapema kwamba atapata kijiko tu au vijiko viwili.

Kazi imeisha pale mifupa inapokuwa myeupe na kuvunjika kirahisi. Mifupa myeusi haijaiva. Rudisha moto dakika 20. Chumba cha pili huzimwa mwisho.

Majivu

Subiri joto lishuke, kwaruza majivu yote kuingia kwenye trei moja ya chuma, fagia kona, na utafute kidude cha namba. Kisipoonekana, mwili mwingine hauingii mpaka kipatikane. Pitisha sumaku kuondoa waya, skrubu na misumari. Vyuma vya upasuaji visivyoshikwa na sumaku viondoe kwa mkono, kwa kuwa vitavunja mashine ya kusagia. Saga mifupa mpaka iwe kama mchanga, ukiwa na barakoa ya vumbi, kisha safisha mashine kwa brashi na upepo kabla ya kazi inayofuata. Mashine isiyosafishwa huchanganya majivu kuliko tanuri lenyewe.

Kadiria mililita 35 za majivu kwa kila kilo ya mwili. Paka wa kilo 4 anahitaji chombo cha mililita 150 au zaidi kidogo. Mbwa wa kilo 35 anahitaji lita moja na robo. Weka majivu kwenye mfuko uliofungwa kwa joto pamoja na kidude cha namba, ndipo uingie kwenye chombo. Vyungu vya wafinyanzi wa hapa ni vizuri na bei yake inavumilika, ila visivyopakwa gilasi, ule utando unaong'aa kama kioo, hunyonya unyevu. Usifunge chombo kwa kitambaa cha magome, lubugo, mpaka mteja aombe mwenyewe. Kwa Baganda ni sanda ya watu, na wengine watakwazika.

Vilevile usimsukume mtu achome. Mwislamu aliyefiwa na paka anaweza kutaka azikwe tu, na una nafasi ya kumpa kaburi kama shamba lako linaruhusu.

Bei

Dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi kwa lita. Soma kibao cha kichomeo: cha kilowati 100 kikiwaka mfululizo hula lita 10 kwa saa. Tuchukulie kichomeo cha kwanza ni kilowati 100, cha pili 150, na dizeli ni shilingi 5,000 kwa lita. Kupasha chumba cha pili kwa dakika 45 ni lita 11. Kuchoma mbwa wa kilo 25 kwa saa moja na nusu, vichomeo vikiwaka nusu ya muda, ni lita 19. Jumla ni lita 30, yaani shilingi 150,000 za mafuta pekee. Wakichomwa watatu kwa zamu siku hiyohiyo, kila mmoja peke yake, kupasha kunagawanywa na kila mbwa anaangukia karibu lita 22 na nusu, shilingi 112,000 hivi. Kwa hiyo weka siku mbili au tatu za kuwasha kwa wiki, na anayetaka siku yake alipie tofauti. Ongeza usafiri, chombo, mishahara, na akiba ya matofali ya moto ambayo yatachakaa upende usipende. Kliniki zilipe kwa mwezi kulingana na kilo, mizani iwe yako na ya kliniki ikubaliane nayo.

Kukabidhi

Fungua fomu mbele ya mteja, linganisha namba na risiti yake, mpe cheti chenye tarehe ya kuchoma. Anayesafiri kupitia Entebbe achukue chombo cha mbao au plastiki, kwa sababu mashine ya ukaguzi haioni ndani ya chuma, na aulize mapema masharti ya ndege yake na ya nchi anayokwenda. Anayetaka kupanda mti juu ya majivu achanganye na udongo mwingi na mbolea ya samadi. Majivu peke yake yana chumvi na magadi mengi, nayo huunguza mizizi michanga.

Wengine hawarudi kuchukua. Andika kwenye fomu tangu mwanzo kwamba majivu yatatunzwa miezi 12, kwamba mteja atapigiwa simu mara tatu kwa tarehe zitakazoandikwa, na kwamba baada ya hapo yatazikwa kwenye bustani ya shamba, namba ya kidude ikiandikwa kwenye daftari pamoja na mstari wa bustani yalipozikwa.